Pasi Ilikuwa ya Moto

"Gemu," Mkuu wa upelelezi alisema, akalisukuma faili upande wa pili wa meza kama mtu anayesukuma sahani baada ya kushiba. "Kesi ndiyo hiyo, Sajini. Neno moja tu."

Sajini alivuta kiti, akaketi. Alikuwa mwanamke wa makamo, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba, na kwa miaka yote aliyofanya kazi hii hakuwahi kukutana na kesi ya neno moja. Hata za wizi wa kuku zilikuwa na maneno mengi kupita kiasi.

"Kijana wa miaka kumi na saba," Mkuu aliendelea, "kutwa kucha anaua watu kwenye skrini. Baba yake wa kambo anamwambia zima, inatosha. Anachomoa waya. Kijana anachukua pasi, anampiga nayo ya uso. Amekiri mwenyewe. Mama amethibitisha. Baba naye amethibitisha, tena huyo taya limevunjika, anathibitisha kwa kutikisa kichwa. Unataka nini tena?"

"Nataka kujua kwa nini wote watatu wanakubaliana."

Mkuu alimtazama kwa huruma. Siku chache zilizopita alihudhuria semina ya vijana na ukatili, akarudi na begi la kitambaa, kalamu yenye nembo, na imani mpya. Tangu hapo kijana yeyote akivunja hata dirisha la jirani, Mkuu huuliza kwanza anacheza gemu gani.

"Wanakubaliana kwa sababu ndicho kilichotokea," alisema. "Kesho asubuhi faili linakwenda kwa mwendesha mashtaka. Daktari anasema jicho moja huenda lisione tena, kwa hiyo hii si kesi ya kumkanya mtoto na kumrudisha nyumbani. Tukipata mfano mmoja tu, wazazi wote watashtuka."

Sajini hakuwa na ugomvi na semina. Neno "mfano" ndilo lililomkera. Aliyekuwa anatafutiwa kazi ya kuwa mfano alikuwa hajamaliza hata shule ya ufundi, na mtu akishabandikwa kesi ya kumlemaza baba yake, hakuna karakana itakayomfungulia mlango. Alilichukua faili, akaondoka nalo kabla Mkuu hajaanza kumsimulia semina upya.

Kijana alikuwa chumba cha mahojiano, mikono juu ya meza, mgongo umenyooka. Alikuwa mrefu na mwembamba, na fulana yake alikuwa ameivaa ndani nje bila mtu yeyote kumwambia.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba. Nieleze tena ya Jumamosi. Polepole, mimi si mtu wa gemu."

Kijana alivuta pumzi. "Nilikuwa sebuleni nacheza gemu. Baba akaja akaniambia nizime. Nikasimamisha gemu, tukabishana. Akachomoa waya. Nikapandwa na hasira, nikachukua pasi, nikampiga. Gemu zimeniharibu. Naomba msamaha."

Sajini alisubiri aendelee. Hakuendelea. Maelezo yalikuwa yametoka laini, hayana kona wala kokoto, neno kwa neno kama yalivyoandikwa Jumamosi ile ile. Mtu anayesimulia ugomvi wake wa kweli hujikwaa, hurudi nyuma, hudai haki yake, hutukana kidogo. Huyu alikuwa amekariri.

"Zimekuharibu vipi, hizo gemu?"

Kijana alipepesa macho. Swali hili hakuliandalia. "Zimenifanya niwe na hasira."

"Kabla ya Jumamosi umewahi kumpiga nani?"

"Hakuna."

"Shuleni? Uwanjani?"

"Hapana, Afande."

"Kwa hiyo hasira zote ulikuwa unamwekea akiba baba."

Mzaha ule ulianguka chini, hakuna aliyeuokota. Sajini alivaa miwani yake.

"Pasi uliishika mkono gani?"

"Wa kulia."

"Ilikuwa ya moto au baridi?"

Hapo alichelewa. Macho yalikwenda ukutani, yakarudi. "Baridi. Ilikuwa mezani tu."

"Na gemu ulikuwa unacheza peke yako?"

"Hapana, kwa mtandao. Na Nyigu." Kwa mara ya kwanza uso wake ulilegea. "Ndilo jina lake la kwenye gemu. Ni dada mmoja anauza dawa, lile duka la dawa karibu na posta. Tuko timu moja."

"Na wewe timu inakuitaje?"

"Kamanda," kijana alisema chini chini, kama anayekiri kosa la pili.

Sajini alikuwa ameshalikuta jina hilo kwenye faili. Mkuu alilipigia mistari miwili.

Hospitali ilikuwa na harufu ya dawa ya sakafu. Daktari wa zamu, kijana mwenye usingizi machoni, alimsindikiza Sajini hadi kitandani huku akimweleza habari za taya na jicho.

"Na kuungua," aliongeza.

Sajini alisimama. "Kuungua wapi?"

"Chini ya sikio mpaka shingoni. Ncha ya pasi imejichora vizuri kabisa, ungedhani mtu kapiga mhuri."

"Ripoti yako inasema majeraha ya ngozi."

"Kuungua ni jeraha la ngozi," daktari alijibu bila haya, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Baba wa kambo alikuwa mwalimu wa udereva, mtu anayesifika mtaa mzima kwa uvumilivu. Watu walisema amewahi kumfundisha bibi kizee kurudi nyuma kwa gari bila kupandisha sauti hata siku moja. Sasa alikuwa amefungwa bandeji kuanzia utosini hadi kidevuni, limebaki jicho moja linalotazama. Sajini alimpa pole, akamweleza kwamba maswali yatakuwa ya ndiyo na hapana.

"Ni kijana aliyekupiga?"

Kichwa kilikubali.

"Kwa sababu ya gemu?"

Kikakubali tena, kwa haraka zaidi.

"Mkeo wakati huo alikuwa jikoni?"

Ndiyo.

"Anakaanga viazi?"

Ndiyo.

Kwenye maelezo yake, mke alisema alikuwa anamchemshia binti yao mdogo maziwa. "Au alikuwa anachemsha maziwa?"

Jicho lilihangaika kidogo. Kisha kichwa kikakubali hilo nalo.

Kwa mtu huyu, mkewe angeweza kuwa jikoni anachinja ng'ombe. Angekubali, ilmradi awe jikoni na si mahali pengine. Sajini aliinama kama anayemwekea shuka vizuri, akautazama mkono wa kulia uliolala juu yake. Vifundo vya vidole vilikuwa vimevimba, viwili vimechubuka.

"Na hapa uligonga nini, baba?"

Mkono ulirudi chini ya shuka taratibu. Swali hilo halikuwa la ndiyo na hapana.

Nyumba yao ilikuwa ghorofa ya pili, vyumba vitatu na jiko. Mama wa kijana alifungua mlango akiwa ameshika tepu ya kupimia, akamkaribisha Sajini ndani kwa sauti ya chini. Alikuwa fundi wa nguo, na chumba cha kwanza kilikuwa cha kazi: cherehani, vitambaa, meza ya kupigia pasi iliyofunikwa blanketi kuukuu. Joto lilikuwa kali, lakini yeye alivaa mikono mirefu, na alipoinama kumwekea mgeni kiti alijishika ubavu.

"Unaumwa, mama?"

"Nililala vibaya."

Sajini aliomba aoneshwe sebule. Ilikuwa upande wa pili wa korido. Televisheni, mashine ya gemu, kochi lililobonyea mahali pamoja, na hedifoni zenye maiki zimening'inizwa kwenye msumari. Alisimama hapo, akatembea kurudi chumba cha kazi, akarudi tena sebuleni. Mtu aliyepandwa na hasira mbele ya televisheni hii ana vitu tele vya kushika: kigoda, chupa ya maji, rimoti yenyewe ya gemu. Huyu eti aliacha vyote, akamwacha na aliyemkasirisha, akavuka korido hadi chumba cha kazi, akachukua pasi, akarudi nayo. Hasira za namna hiyo Sajini hajawahi kuziona. Hasira haina subira ya kwenda kuchagua.

"Alipigiwa hapa sebuleni?"

"Hapa hapa, Afande."

"Na damu?"

"Nilipiga deki."

"Kule chumba cha kazi nako umepiga deki. Sakafu ya kule ina rangi mbili, karibu na meza pamesuguliwa mpaka pameng'aa."

Mama alikunja tepu kwenye vidole vyake, akaikunjua. "Mimi napenda usafi," alisema.

Juu ya meza ya pasi kulikuwa na suruali ya mteja. Mguu mmoja ulikuwa umenyooshwa, mstari wake unakata. Mguu wa pili ulikuwa na makunyanzi yote uliyokuja nayo. Sajini aliutazama mguu ule wa pili, akaaga.

Jirani wa chini alikuwa anamsubiri kwenye ngazi. Alikuwa mama mtu mzima mwenye ufagio ambao haukuwa unafagia chochote.

"Mwanangu, mimi sipendi kusikiliza ya watu," alianza, "lakini yule kijana! Kila siku jioni utamsikia, 'Mpige! Mpige huyo! Mmalize!' Hata Jumamosi nilimsikia kwa masikio yangu, 'Mmalize kabisa!' Nikajua tu, ipo siku ataua mtu."

"Ulimsikia kabla au baada ya baba kupigwa?"

"Nitajuaje? Yeye kila wakati anamalizana na watu."

"Na sauti nyingine? Mama yake, kwa mfano. Humsikii akilia?"

Jirani alishusha sauti, akaushika ufagio vizuri. "Ah, hayo ni ya mume na mke. Hayo mimi siyaingilii."

"Lakini unayasikia."

"Ukuta mwembamba, utafanyaje? Unaongeza sauti ya redio."

Sajini alishuka ngazi amekasirika, wala hakuficha. Mtoto akimpigia kelele mtu wa katuni, jengo zima linasikia na linakumbuka maneno. Mtu mzima akipigwa, redio zinaongezwa sauti.

Nyigu alikuwa nyuma ya kaunta, koti jeupe, nywele zimefungwa nyuma, anampimia mzee mmoja dawa ya kikohozi huku akimwelekeza jinsi ya kuinywa, mara ya tatu, bila kuchoka. Mzee alipotoka Sajini alionesha kitambulisho.

"Ni kuhusu Kamanda," alisema.

"Yuko wapi? Tangu Jumamosi haonekani hewani."

"Yuko kwetu. Kwa nini mnamwita Kamanda?"

Nyigu alicheka. "Kumtania tu, Afande. Alipoanza alikuwa anakufa wa kwanza kila mara. Alikuwa anapotea njia, anazunguka ukuta tu. Sasa hivi yuko vizuri, lakini jina limeshaganda."

"Anapandisha hasira? Niambie kweli."

Dada wa watu alifikiri kidogo kabla ya kujibu, jambo ambalo Sajini alilipenda. "Wapo wanaopandisha. Kaka yangu mimi alivunja televisheni kwa kufungwa mechi ya mpira, gemu haina hata bunduki. Wapo wanaotukana mpaka unavua hedifoni. Siwezi kukudanganya kwamba tunakaa humo kama malaika. Mimi mwenyewe natoka humo moyo unadunda. Lakini Kamanda tukishindwa anasema pole. Sasa mtu anayesema pole utamfanya nini?"

"Jumamosi baba yake alikuja kumwambia azime, naye akasimamisha gemu ili wabishane."

"Akasimamisha?"

"Ndivyo alivyosema."

"Hiyo haisimami." Nyigu alisema hivyo kama mtu anayesema maji yanalowesha. "Mkiwa watu wengi mtandaoni huwezi kuisimamisha. Ukiweka rimoti chini, wenzako wanaendelea na wewe unauawa. Mtu asiyecheza ndiye anayedhani unaweza kubonyeza kitu kila kitu kikatulia. Mama yangu mpaka leo ananiambia, 'Isimamishe uje ule.'"

Sajini aliweka viwiko juu ya kaunta. Maelezo yale laini alijua sasa yalishonwa na nani. Ni mtu aliyeishi na gemu nyumbani mwake miaka, akaisikia kila jioni, lakini hakuwahi kushika rimoti. Na kijana aliyajua makosa yaliyomo, akayakariri hivyo hivyo kwa heshima, kama mtoto anayevaa sweta asilolipenda kwa kuwa amelifuma mama.

"Jumamosi mliacha kucheza vipi?"

"Alikatika tu. Lakini kabla ya hapo..." Nyigu alisita. "Maiki yake ilikuwa wazi. Nilisikia mwanamume anafoka. Halafu mwanamke, kama analia au anaita, sikupata maneno, risasi zilikuwa nyingi. Kamanda akasema 'nakuja,' nikadhani ananijibu mimi. Halafu kishindo kikubwa, kama kabati limeanguka."

"Na Kamanda wakati wa kishindo alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa anaongea na mimi. Ananiambia kuna mtu nyuma ya ukuta, nisitokeze kichwa. Kile kishindo kilimkata kauli katikati. Halafu nikasikia rimoti inaanguka, basi."

"Una uhakika ni yeye?"

"Afande, sauti yake naisikia kila siku kuliko ya mama yangu."

"Utalirudia hilo mahakamani?"

"Nitalirudia." Aliikunja mikono ya koti lake isiyohitaji kukunjwa. "Nilidhani hasikii. Hedifoni zile zinaziba masikio kabisa. Nilitaka kumwambia, 'Angalia nyumbani kwenu kuna nini.' Sikumwambia. Tulikuwa tunashinda."

Aliporudi kituoni, Sajini alimkuta mama wa kijana kwenye benchi la mapokezi, amepakata hotpoti iliyofungwa kitambaa. Alikaa kando yake. Hapakuwa na haja ya chumba cha mahojiano, na askari wa mapokezi alikuwa anabishana na mtu aliyepoteza simu.

"Mama, pasi ilikuwa ya moto," Sajini alisema.

Mama aliivuta hotpoti karibu na kifua.

"Imemchora mumeo chini ya sikio. Mwanao anasema ilikuwa baridi, kwa sababu hakuishika. Aliyekuwa anapiga pasi ni wewe, ile suruali ya mteja, umefika mguu mmoja. Mumeo vifundo vya mkono vimevimba kwa kupiga, na ubavu huo hukuulalia vibaya. Nina shahidi aliyemsikia mwanao akiongea sebuleni wakati mtu anaanguka chumba cha kazi. Una haki ya kunyamaza, na ukitaka wakili aje kwanza nitamngoja. Lakini mimi nimeshajua."

Mama alikaza fundo la kitambaa ambalo tayari lilikuwa limekaza. Alipoanza kusema, alisema kwa utulivu, kama anampa mteja bei.

"Alikuwa amenikaba. Mkono mmoja ananikaba, mwingine ananipiga. Pasi ilikuwa nyuma yangu."

"Na maelezo ya gemu?"

"Ni yangu. Nilimwambia mwanangu, wewe bado mtoto, watakusema tu, watakupa ushauri, watakurudisha. Watu wako tayari kuamini. Redioni kila siku, gemu, gemu. Baba yake naye alipozinduka nikamwambia, akakubali haraka. Aibu ni nafuu kwake ikiwa ni mtoto aliyeharibika. Mtoto na gemu kila mtu anaelewa, Afande. Mwanamke na pasi nani ataelewa? Nina binti mdogo, bado ananyonya kidole. Nikifungwa ataachiwa nani? Yule?"

"Mwanao hatapewa ushauri, mama. Jicho la mumeo huenda limekwenda. Wanataka kumfunga."

Hotpoti iliteleza, Sajini akaidaka. Mama alijifunika uso kwa viganja viwili, akalia hapo hapo benchini, na mtu aliyepoteza simu akanyamaza kwa heshima.

Kijana aliposikia kwamba mama yake ameshasema, alifumba macho.

"Amedanganya," alisema. "Ananikinga. Nilimpiga mimi."

"Gemu yenu haisimami."

"Nilisema vibaya."

"Na pasi?"

"Nilisahau. Ilikuwa ya moto. Andika ya moto."

Sajini aliweka kalamu chini. Amewahi kuona watu wakigombania mashamba, nyumba, hata makaburi, lakini kugombania kifungo alikuwa hajaona. Alimwonea huruma, na kwa huruma hiyo akatafuta neno la kumfariji.

"Sikiliza, mwanangu. Nimeziona hedifoni zako. Nimeambiwa zinaziba masikio kabisa. Hukuweza kusikia, hakuna anayekulaumu. Huna deni la kulipa kwa kufungwa."

Kijana alifumbua macho.

"Zilikuwa shingoni," alisema.

"Nini?"

"Hedifoni. Jioni siziweki masikioni. Naziacha shingoni ili nimsikie akiita. Siku zote akiniita naenda. Nasimama katikati. Baba ananisukuma, ananipiga moja mbili, anachoka, anatoka nje. Mambo yanaisha. Ndiyo kazi yangu pale nyumbani. Jumamosi tulikuwa tunaongoza, wamebaki wawili tu. Nikasema moyoni, nimalizie hawa."

Mkuu wa upelelezi alikuwa amekwenda semina nzima kutafuta ubaya wa gemu, na hakuna aliyemwambia habari ya hili.

"Aliita akisema nini?"

"'Mwanangu njoo, ananiua.' Mara mbili."

Sajini alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akachukua muda kuifuta. Ilibidi aseme jambo ambalo hakulipenda, na akaamua kulisema moja kwa moja.

"Mama yako atasema alikuwa anajitetea. Mumewe atakataa. Jirani aliongeza sauti ya redio. Nyigu alisikia sauti, hakusikia maneno. Mwendesha mashtaka ataniuliza, nani alimsikia mwanamke huyu akiomba msaada kabla hajainua pasi? Mtu ninaye mmoja tu. Hayo maneno mawili matatu uliyoniambia ndiyo yatakayomrudisha kwa mdogo wako. Lakini utayasema mbele ya hakimu, na mama yako atakuwa amekaa pale."

"Atajua."

"Atajua."

"Yeye anadhani nilikuwa nimeziba masikio. Ndiyo maana hakunisema hata kidogo. Alinishika tu kichwa." Machozi yalikuwa yanamtiririka, hakuyafuta. "Ningefungwa tu, Afande. Ilikuwa rahisi zaidi."

"Najua ilikuwa rahisi zaidi."

Nje ya dirisha gari la polisi lilikuwa linakataa kuwaka, askari wawili wanalisukuma. Kijana aliwasikiliza mpaka likawaka.

"Mwite," alisema. "Nimwambie mwenyewe kwanza. Asije akasikia kule mahakamani."

Sajini alimwita. Mama aliingia na hotpoti yake, akaiweka mezani, akakaa karibu na mwanawe kuliko kiti kilivyowekwa. Aliuchukua mkono wake, akauweka katikati ya mikono yake miwili. Sajini alifika mlangoni, akafikiria kutoka, kisha akakumbuka kwamba maelezo haya yanahitaji shahidi. Akabaki.

"Mama," kijana alisema, "Jumamosi nilikusikia."

Mama hakuuachia mkono.

"Najua, mwanangu," alisema. "Uliitika, ukasema unakuja."